Tumbo linakua, miguu inakwisha: mama yangu ana nini?

Shikamoo daktari,

Mimi ni kitinda mimba katika watoto 5, nina miaka 41, naishi Mbagala na mume wangu na watoto wetu 3. Baba alipofariki, mama akamaliza eda, tukakaa kikao cha familia tukaona si vizuri kumwacha peke yake Muheza. Nikamchukua mimi. Ni miaka 2 na nusu sasa. Mama ana miaka 69.

Daktari, mama niliyemchukua Muheza siye huyu niliye naye. Yule alikuwa akiamka alfajiri, anakwenda kwenye michungwa kwa miguu, anarudi na kuni kichwani na bado anakuna nazi. Huyu wa sasa akishaketi kochini, kuinuka ni shughuli. Atashika mkono wa kochi, ajisukume mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwisho mmoja wetu amvute. Tangu mwaka jana anaswali kwenye kiti. Nilidhani ni magoti, nikamuuliza. Akaniambia, "Magoti si sana, mwanangu. Nikisujudu, ardhi hainirudishi."

Tumbo limekuja mbele mpaka khanga haizunguki vizuri kiunoni, lakini miguu imekuwa kama ya kuazima. Mwaka jana alilazwa siku 9 kwa homa ya mapafu, na alivyorudi tulimlaza nyumbani karibu mwezi mzima ili apate nguvu. Kliniki ya presha wanampima kilo 75, na kadi ya mwaka aliokuja inasema 74, kwa hiyo tunaambiwa uzito uko palepale, tusiwe na wasiwasi. Presha ya mwisho ilikuwa 162 kwa 70. Anakunywa amlodipini na kidonge kingine cha kukojolesha. Sukari wameipima kidoleni wakasema iko mpakani.

Jambo jingine. Tukitoka kwenda dukani, kama mita 150 hivi, shavu la mguu wa kushoto linambana. Anasimama, anajifanya anatazama bidhaa za watu mezani, dakika 2 anapona, tunaendelea. Jirani anasema mishipa imekaza, achuliwe kwa mafuta ya nyonyo.

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat, ndiye anayelipa dada wa kazi. Kauli yake ni moja: mama kafanya kazi vya kutosha, asiguse hata ufagio. Siku moja alipiga simu ya video akamkuta mama anachambua mchele, ikawa kesi. Sasa wifi ametuma chai ya majani ya kupunguza tumbo na amesema mama aache chakula cha usiku. Kula kwenyewe hali sana: asubuhi chai ya rangi na maandazi 3, mchana wali, na kipande chake cha samaki huwagawia wajukuu. Usiku ni uji, au chai na mkate.

Je, huu ni unene, ni uzee, au ni mishipa? Nimpe hiyo chai? Na kaka nitamwambiaje bila kuonekana nimemtumikisha mama?

Kitinda mimba, Mbagala

---

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara 2, na kilichonishika si kilo wala presha. Ni maneno ya mama: ardhi hainirudishi. Sijui daktari ambaye angeyasema vizuri zaidi. Mtu akisujudu, kinachomrudisha juu ni misuli ya mapaja na makalio. Ya mama imepungua, mafuta yamechukua nafasi yake, na mishipa ya kupeleka damu imeanza kuwa migumu. Umeniuliza ni unene, uzee au mishipa. Ni vyote 3, na vinalishana.

Nianze na ile mizani, maana imewadanganya kwa miaka 2. Mizani haijui inapima nini. Gunia la kilo 75 la mchele na la kilo 75 la pumba kwake ni sawa, ila la pumba ni kubwa zaidi. Mama amepoteza kilo kadhaa za mnofu miguuni na kuongeza kilo kama hizo za mafuta tumboni, hesabu ikatoka palepale. Muuguzi hakusema uongo, lakini namba aliyoitazama haikuweza kumwambia. Chukua futi ya fundi cherehani umpime mama kiuno usawa wa kitovu. Kikizidi nusu ya urefu wake, mafuta ya ndani ya tumbo ni mengi. Kama mama ana sentimita 156, mpaka wake ni 78. Nahisi atapita mbali, lakini mpime, uandike.

Kupungua kwa misuli huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia miaka ya 30 mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huongezeka. Nguvu huondoka haraka kuliko nyama yenyewe. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipa hali hii jina kutoka Kigiriki, sakopenia, maana yake kama umaskini wa nyama. Ikikutana na unene ndipo inapojificha, kwa sababu nani atamwita mtu mwenye tumbo kubwa maskini wa nyama? Sisi tutamwambia amenawiri.

Umri peke yake usingemfikisha hapa ndani ya miaka 2. Kilichomfikisha ni kukalishwa. Usichukie, nitaeleza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kundi dogo la wazee wenye afya, wastani wa umri 67, waliokubali kulala kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, na chakula walipewa. Siku ya 10 walikuwa wamepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10! Mama yako alilala 9 hospitali, tena akiwa na homa ya mapafu, ambayo yenyewe hula misuli, kisha mkamwongezea mwezi kwa mapenzi. Kabla ya hapo alikuwa ameshatolewa kwenye michungwa na kuni akawekwa kochini. Shamba lilikuwa mazoezi yake, bila mtu kuyaita hivyo.

Sasa mishipa. Kiswahili chetu kinatutesa hapa, maana neno moja tunalitumia kwa mishipa ya damu, ya fahamu, kano, na wengine hata ngiri. Jirani akisema mishipa imekaza anaweza kuwa anataja kitu chochote kati ya hivyo, na safari hii amebahatisha. Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Ukiwa mpya, ukifungua bomba unatanuka kidogo na kupokea msukumo. Ukiachwa juani miaka, unakakamaa, na kila msukumo wa maji unaupiga bila kupunguzwa. Ateri za mama, yaani mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, ziko hivyo. Presha yake inaonyesha: juu 162, chini 70, tofauti 92. Kwa mtu mwenye 120 kwa 80 tofauti ni 40. Namba ya juu ikipanda na ya chini ikabaki au ikashuka, kwa mtu wa umri wake, mara nyingi ni ateri kubwa zimepoteza mnyumbuko.

Misuli inahusikaje? Misuli ndiyo ghala kubwa la sukari ya mwili. Ukila wali, sehemu kubwa ya sukari inapaswa kwenda kuhifadhiwa huko. Ghala likipungua, sukari inabaki ikizunguka kwenye damu, na hiyo "mpakani" mliyoambiwa inaweza kuwa imetoka hapo. Mafuta ya ndani ya tumbo, na yale yanayojipenyeza katikati ya nyuzi za misuli, hutoa kemikali zinazoleta uvimbe wa chinichini ambao huharibu ngozi laini ya ndani ya ateri. Ateri ikiharibika, damu haifiki vizuri miguuni, misuli inakosa chakula, inazidi kupungua, mama anazidi kuketi.

Mguu wa kushoto sitaki tuuchezee. Shavu la mguu linalobana kila ukitembea umbali uleule na kuacha ukisimama dakika chache ni dalili ya ateri ya mguu iliyoziba kiasi. Kuna kipimo rahisi kisichouma: wanapima presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, wanagawa ya mguu kwa ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, kuna mziba. Tena aliyeziba mguuni yuko hatarini kuziba moyoni na kichwani. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke, uulizie utaratibu wa matibabu kwa wazee maana amepita 60. Wakiona haja watampa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Mwambie daktari maneno haya haya: inabana mita 150, inaacha akisimama. Waombe wapime pia sukari ya miezi 3, yaani wastani wake kwa kipindi hicho, figo, na lehemu, yale mafuta ya kwenye damu. Atakayemwona ataamua kama anahitaji dawa ya lehemu au aspirini. Msijinunulie.

Ukiona kidonda cha mguu kisichopona, au mguu mmoja ukawa baridi na kubadilika rangi, au maumivu yakamjia hata akiwa amelala, usingoje tarehe ya kliniki. Kifua kubana vilevile. Na kumchua si kosa, kunastarehesha, lakini hakuzibui ateri, na kama damu haifiki vizuri usiukande sana mguu ule.

Dawa za presha aendelee nazo. Nasema hivi kwa sababu najua mtu atawaambia ndizo zilizomkondesha miguu. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo jioni, na uvimbe huo ukaficha wembamba, lakini haili nyama.

Chai ya wifi ipumzike kabatini. Nyingi ya chai hizi ni majani ya kuharisha. Tumbo linapungua kwa sababu limetoka maji na choo, na pamoja nayo yanatoka madini ya potasiamu ambayo misuli na moyo huyahitaji. Mama tayari ana kidonge cha kukojolesha, ambacho aina nyingi hutoa potasiamu hiyo hiyo. Ukiunganisha vyote 2 atalegea zaidi, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kuacha chakula cha usiku nako hakufai kwake. Mtu akipungua kwa njaa tupu, takriban robo ya anachopoteza ni mnofu, na mama hana mnofu wa kutoa. Kama siku moja atapunguza uzito, atapunguza huku akifanya mazoezi ya nguvu na akila protini ya kutosha.

Basi afanye nini? Mpime kwanza. Weka kiti cha plastiki kimegusa ukuta, mama akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara 5 mfululizo, wewe ukiwa karibu na saa ya simu. Zaidi ya sekunde 15, au akishindwa bila mikono, misuli ni dhaifu. Mimi nina miaka 63, nimejipima juzi nikatumia 12, na goti moja likalalamika. Pima pia mwendo: chora mita 4 uani, atembee kama kawaida yake. Zikizidi sekunde 5 ni polepole kuliko inavyotakiwa. Andika kwenye daftari.

Kiti hicho hicho ndicho dawa. Mara 3 kwa wiki, siku ya kupumzika ikiwa katikati, asimame na kuketi mara 8, apumzike dakika 2, arudie. Aanze kwa kutumia mikono ikibidi, au kiti kipandishwe kwa mto mgumu. Wiki zinavyokwenda mto unatoka, mikono inaachia. Asibane pumzi, maana presha huruka. Kila akiinuka aseme Bismillahi kwa sauti, pumzi itatoka yenyewe. Akimaliza ashike ukingo wa sinki, apande kwenye vidole vya miguu mara 10. Kwa mikono, chupa 2 za maji za lita 1.5 zinatosha kuwa vyuma. Avae viatu vilivyoshika mguu, si malapa. Presha ikisoma 180 kwenda juu siku hiyo hakuna mazoezi, na yote haya yaanze baada ya daktari kumwona.

Kutembea ni kwa ajili ya ule mguu, na watu wengi hulifanya kinyume. Akibanwa mnamrudisha nyumbani. Daktari akisharidhia, atembee mpaka ubane sawasawa, asimame atazame bidhaa za watu, uachie, aendelee. Lengo ni dakika 30 kwa jumla, mara 3 kwa wiki, na polepole umbali wa kubanwa husogea mbele. Ile tabia yake ya kujifanya mnunuzi kumbe ndiyo tiba, tatizo ni kwamba baada ya duka la kwanza mnageuza.

Utasema ana miaka 69, ataweza? Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichapisha habari za wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, mdogo wao miaka 86, mkubwa 96. Waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki 8. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mama yako kwa hao ni binti.

Chakula. Hapo kwenye sahani ya mama naona wanga asubuhi, wanga mchana na wanga usiku, na protini pekee inaliwa na wajukuu. Misuli haijengwi na maandazi. Mtu wa umri wake anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ikigawanywa katika milo yote, mradi figo ziko sawa; ndiyo maana nimesema zipimwe kwanza. Asubuhi mayai 2 yanampa gramu 12, na glasi ya mtindi kama 8. Mbaazi mnazijua, na watu wa Muheza sihitaji kuwafundisha, ila ziwe sahani ya mbaazi na andazi 1, si maandazi 3 na vijiko 2 vya mbaazi. Tui liwe jepesi, chumvi ipunguzwe. Mchana kipande cha samaki kama kiganja, gramu 20 hivi za protini, akile akiwa mezani na wewe umekaa. Wajukuu watengewe chao kabla. Mabibi wana tabia hii, hata mimi ninayo. Usiku badala ya chai na mkate, uji uliokorogwa na maziwa, au maharage. Na mwangalie meno: wengi huhamia kwenye uji na chai kwa sababu kutafuna kunawauma na hawasemi. Dagaa zilizosagwa zikachanganywa kwenye mchuzi hazihitaji meno.

Limebaki la kaka, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Kaka yako hana nia mbaya. Kwetu mzee akishika ufagio, majirani huuliza watoto wake wako wapi. Yeye yuko mbali, heshima yake kwa mama anaionyesha kwa kumpumzisha, kwa sababu ndicho anachoweza kutuma. Ukimwambia "unamuua mama" mtagombana bure. Mpigie simu ya video mama akiwa kwenye kiti cha plastiki, umwombe kaka ahesabu mwenyewe. Akishuhudia mama anashindwa kuinuka mara ya 3, hutahitaji maelezo mengi. Kisha mpe kazi. Pesa ya chai iwe ya mayai na samaki, na akija likizo alete mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, zile za kifundo cha mkono hazitabiriki. Simu ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa iwe ni yake ya kuhesabu. Mama hatakwepa mazoezi mbele ya kifungua mimba wake.

Dada wa kazi umweleze vizuri, asije akadhani anafukuzwa. Mama akitaka maji, maji yako jikoni. Mchele achambue, nguo zake akunje mwenyewe, na kama mbuzi ya kukunia nazi ilibaki Muheza, itumiwe kwenye basi. Kile kigoda ni kifupi, kwa hiyo aanze kukikalia baada ya miezi michache, kiti kikishamzoea. Usimwambie ni mazoezi. Mwambie tui la pakiti halina ladha, ambalo si uongo.

Kuhusu swala, dini imempa ruhusa ya kiti na hilo ni lake, usimsukume. Lakini miguu ikianza kurudi, atakuuliza mwenyewe. Siku hiyo weka kiti imara mbele ya mswala, cha kushika wakati wa kuinuka, na wewe uwe nyuma yake.

Niandikie baada ya wiki 12 unipe namba 3 kutoka kwenye daftari lako: sekunde za kiti, mita anazotembea kabla ya kubanwa, na presha. Kilo sizihitaji.